Harusi ya mdogo wangu imegongana na mbio za Berlin, nifanyeje?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, fundi cherehani, naishi Temeke. Nimeachika na nina binti mmoja anayesoma darasa la sita. Safu hii nimeisoma siku nyingi nikiwapa pole wenzangu kimoyomoyo, leo na mimi yamenifika.

Kwetu ni Tanga na tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alituacha tukiwa wadogo. Mama alifariki mwaka 2014 kwa kiharusi. Presha ilikuwa ikimsumbua muda mrefu na hakuwa mtu wa hospitali, akiumwa kichwa anajifunga kanga anaendelea na kazi. Wakati huo mdogo wangu alikuwa kidato cha pili. Nikamchukua, nikaja naye Dar, nikamsomesha kwa cherehani hii hii mpaka akamaliza chuo. Sasa ana kazi yake nzuri, na mwaka huu anaoa.

Mwaka 2021 nami nilipimwa nikakutwa na presha. Daktari alinipa kidonge cha kumeza kila siku na akaniambia nifanye mazoezi. Nikaanza kutembea jioni kuzunguka Uwanja wa Taifa. Pale nikakutana na akina mama wa jogging, wakanivuta, nikawa nakimbia kidogo, natembea kidogo. Mama Mshauri, sikujua kama mwili wangu una kitu hicho. Sasa kila Jumapili saa kumi na moja alfajiri tunatoka Temeke, tunashika barabara ya Kilwa, tunapita Posta, tunavuka Daraja la Tanzanite hadi Coco Beach na kurudi. Nakimbia na mtandio wangu na suruali ndefu, kiunoni nina kijimfuko cha tende na chumvi kidogo niliyoifunga kwenye karatasi. Makonda wa daladala za mwanzo wananijua, wananipigia makofi. Nimekwishakimbia Kilimanjaro Marathon pale Moshi, kilomita 42 zote, kwa saa tano na dakika zake. Presha yangu imetulia. Na kichwa changu pia kimetulia, jambo ambalo nashindwa kumweleza mtu ambaye hakimbii.

Septemba mwaka jana Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, klabu yetu tulikesha tukiangalia. Siku chache baadaye droo ya kupata nafasi ya Berlin Marathon, kule Ujerumani, ikafunguliwa, tukajiandikisha wengi. Mwalimu wetu, mzee aliyekimbia jeshini enzi zake, ndiye aliyetuambia kwamba Suleiman Nyambui wetu alishinda Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Majibu yalipotoka, katika klabu nzima nilipata mimi peke yangu. Mwalimu alilia. Mbio ni Jumapili, Septemba 27. Ada nimekwishalipa, na kwa mchezo na kibubu nimefikisha karibu milioni saba za tiketi, viza na malazi.

Mwezi wa nne mshenga akarudi na majibu kutoka kwa wakwe: harusi ni Jumamosi, Septemba 26, Tanga. Baba wa bibi harusi ni marehemu, walii wake, yaani wa kumwozesha, ni ba'mdogo wake anayefanya kazi Muscat, na likizo yake ni kuanzia Septemba 18 hadi Oktoba 3. Kwenye kikao wote walifurahi. Mimi nilisema inshallah, nikanyamaza. Nimepewa kushona sare zote za upande wetu. Na ndiye ninayekaa nafasi ya mama, nitampokea bibi harusi mlangoni, nyumba ya marehemu pale Ngamiani.

Nilimgusia shangazi kwa simu. Akaniambia, “Mbio ziko kila mwaka. Mama yako angekuwa hai, angekwenda kukimbia?” Tangu siku hiyo silali vizuri. Rafiki yangu wa klabu naye anasema, “Umembeba miaka yote hiyo, huu ni mwaka wako wewe.” Mdogo wangu sijazungumza naye. Kinachoniuma ni kwamba droo ilipotoka nilimwonyesha ile barua pepe siku hiyo hiyo, akanikumbatia, akaniweka hadi kwenye status yake. Alijua. Sasa alikubalije tarehe ile?

Nikuambie na jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila nikimaliza kuswali alfajiri najikuta naomba ubalozi uninyime viza, yaishe.

Je, nikienda nitakuwa nimemtupa mdogo wangu? Na nikibaki, nitaweza kumpokea wifi yangu pale mlangoni bila kinyongo? Naomba usinitaje jina.

Dada Mkubwa, Temeke

*

Marahaba, mwanangu.

Pokea kwanza hongera zangu. Umetoka kwenye kuzunguka uwanja kwa miguu ili presha ishuke, leo jina lako limo kwenye orodha ya mbio zenye wakimbiaji zaidi ya 50,000 kutoka kila pembe ya dunia. Na pokea pole ya mama. Barua yako inazungumza habari za mbio, lakini marehemu yumo karibu kila mstari.

Nikikuelewa vizuri, una siku mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, Jumamosi Tanga na Jumapili Berlin, na kila moja inakutaka wewe mwenyewe. Huenda wapo watakaosoma hapa wakasema si apande ndege usiku baada ya walima, karamu ya harusi. Haiwezekani, na ni vizuri ndugu zako walijue hili mapema. Namba ya kukimbilia Berlin huchukuliwa na mkimbiaji mwenyewe akiwa na kitambulisho chake, kwenye maonyesho yanayofanyika uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof, na mwisho wa kuichukua ni Jumamosi. Asubuhi ya mbio hakuna anayegawa namba. Na huwezi kumpa mtu mwingine akimbie kwa jina lako. Kwa hiyo, kwa ratiba ilivyo leo, ukiwa Ngamiani Jumamosi jioni, Berlin ya mwaka huu imekwisha.

Lakini sidhani tarehe ndizo zinazokunyima usingizi. Umeandika kwamba hulali tangu siku ile ya simu ya shangazi.

Neno lake lilikuwa zito, na alilitupa mahali penye kidonda. Naomba tulitazame pamoja. Shangazi anajua nini kuhusu mbio zako? Yuko Tanga, na sioni katika barua yako kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kusimama barabarani alfajiri akakuona unapita. Kwake yeye Berlin ni matembezi ya Ulaya, na harusi ya mtoto wa kaka yake ni jambo ambalo likiharibika litasemwa mji mzima. Ameogopa, akashika silaha iliyokuwa karibu. Wewe unajua jambo ambalo yeye halijui: mama alikufa kwa ugonjwa ambao hakuupa nafasi kwa sababu kila siku kulikuwa na kazi ya watu wengine. Wewe ukasimama, ukajipa nafasi. Hapo ulipo ukikimbia barabara ya Kilwa, unaishi maisha ambayo mama hakupata kuyaishi. Sijui marehemu angesema nini kuhusu Berlin, na shangazi naye hajui. Lakini swali lake halina haki ya kukukalia kifuani kana kwamba limetoka kaburini.

Maneno ya rafiki yako ni matamu zaidi, na nayo nayatilia shaka. “Umembeba miaka yote hiyo, huu ni mwaka wako.” Ukilikubali kama lilivyo, malezi yako yanageuka deni na mdogo wako anakuwa mdaiwa. Sidhani ulimsomesha kwa hesabu hiyo. Unaweza kuitaka Berlin kwa sababu unaitaka, bila kuhitaji kuthibitisha kwamba umeilipia kwa mateso. Na mdogo wako anaweza kukutaka kwenye harusi yake kwa sababu anakupenda, bila ya kuwa amesahau ulivyomlea.

Sasa hilo la kwamba “alijua”. Alijua nini hasa? Alijua umepata nafasi. Alifurahi, akatangaza. Je, alishika tarehe? Kijana aliyeona barua pepe ya dada yake mwishoni mwa mwaka, miezi ikapita, posa, mahari, vikao, kisha mshenga akaleta siku moja tu kutoka kwa wakwe, inawezekana kabisa hakuunganisha mambo hayo mawili. Inawezekana pia aliunganisha, akakutazama kwenye kikao asikie utasema nini, akasikia inshallah. Katika ukoo ambao dada mkubwa ndiye anayebeba, kimya chako huhesabiwa kuwa umeridhia. Sikulaumu. Mbele ya wazee na mshenga, siku ya furaha, wangapi wangeinua mkono? Ila wiki kadhaa zimepita tangu kikao kile, na yeye hajasikia kutoka kinywani mwako kwamba tarehe zimegongana. Umekuwa ukimjibia kichwani mwako, kisha unaumia kwa majibu uliyomtungia.

Nataka kukaa zaidi kwenye ile dua yako ya alfajiri.

Kuomba viza inyimwe ni kuomba mtu asiyekujua, nyuma ya kioo, akuondolee uzito wa kusema “nataka kwenda” au “nimeamua kubaki”. Naelewa uchovu uliokufikisha hapo. Umeamua mambo ya watu wawili peke yako tangu mdogo wako akiwa kidato cha pili, na safari hii unatamani mtu mwingine aamue. Lakini fikiria utaratibu wenyewe ulivyo. Ombi la viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ujerumani, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku kumi na tano. Jibu la kawaida ni siku 15, na linaweza kufika 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Ukichelewa kuomba, majibu yanaweza kukukuta Septemba, wiki zile zile ambazo sare zinatakiwa ziwe zimekwisha. Ukinyimwa, utakuja harusini ukiwa umeshindwa, si umechagua, na huenda ukasimama pale mlangoni na uchungu ule ule unaouogopa. Ukipewa, utarudi ulipo leo, ila sasa na tiketi mkononi na wiki mbili za kuambia watu. Katika yote mawili anayebaki gizani ni mdogo wako.

Na jambo jingine. Kama ukijitoa kwanza kwenye harusi kisha viza ikakataliwa, utakuwa umekosa kotekote. Kwa hiyo kama unaiweka Berlin hai, liombe ombi lako mapema na uliombe vizuri: uthibitisho wa kujiandikisha mbio, leseni ya biashara na TIN, taarifa ya benki inayoonyesha fedha zimeingia taratibu na si zimemwagwa juzi, bima ya safari ya kuanzia yuro 30,000, na ushahidi kwamba una mtoto shuleni na duka linalokungoja. Ada ni yuro 90 na hairudi wakikataa. Kuomba viza hakukufungi kwenda. Kunakupa tu jibu wakati bado kuna nafasi ya kupanga.

Tuje kwenye njia ulizonazo. Umezitaja mbili, kwenda na kubaki. Barua yako mwenyewe imebeba nyingine, labda hukuiona wakati unaandika.

Walii wa bibi harusi yuko likizo Septemba 18 hadi Oktoba 3. Hizo ni wiki mbili nzima, na ndani yake wakwe wamechagua Jumamosi moja. Sijui kwa nini ile. Pengine ni ukumbi, pengine ni ndugu wengine, pengine ilionekana tu kuwa siku ya katikati. Lakini Jumamosi ya tarehe 19 au Jumapili ya 20 amekwishafika. Ijumaa ya Oktoba 2, baada ya swala, bado hajaondoka, na wewe utakuwa umerudi tangu Jumanne au Jumatano, unashuka ngazi kwa kushikilia ukuta lakini upo. Yapo pia yale ambayo watu wa pwani wanayajua siku zote: nikahi na walima si lazima viwe siku moja. Nikahi ni dakika chache mbele ya mashahidi. Inaweza kusomwa mwanzoni mwa wiki ile walii akiwepo, na shughuli kubwa ya kumpokea mke ikafuata ukirudi. Hata walii mwenyewe, akibanwa, sheria inamruhusu kumteua mtu mwingine aozeshe kwa niaba yake.

Nakutajia haya si kwa sababu ni mepesi. Kugusa siku iliyotolewa na wakwe kunaweza kusomeka kama dharau, hasa wakisikia sababu ni mbio. Huenda ukumbi umelipiwa. Huenda bibi harusi, ambaye naye ni yatima wa baba, ameishika tarehe hiyo kwa sababu zake na hajapata mtu wa kumuuliza. Yeye ni mtu wa kwanza ambaye furaha yake inaguswa hapa, na katika barua yako ametajwa mara chache sana. Kama jambo hili litaulizwa, lisitoke kwako kwenda kwao moja kwa moja, wala lisipitie kwa shangazi. Mshenga aliyepeleka posa ndiye mwenye mlango huo. Lakini hatumwi na wewe. Anatumwa na bwana harusi pamoja na ba'mdogo wenu, baada ya bwana harusi mwenyewe kuridhia. Na anatumwa kuuliza, akiwa tayari kurudi na “hapana” bila ya uso wa mtu kukunjika. Kila wiki inayopita, “hapana” hiyo inazidi kuwa karibu.

Hata ikiwa “ndiyo”, angalia mwili wako. Kusimama jikoni siku tatu, kukesha, kisha safari ya ndege ya kuunganisha Doha au Istanbul na kukimbia kilomita 42 mwishoni mwa wiki, kwa mtu mwenye presha, si jambo la kujaribu kwa ujasiri peke yake. Zungumza na daktari wako sasa. Mwambie jina la kidonge unachomeza, maana baadhi ya dawa za presha hukutoa maji mwilini, na wewe utakuwa barabarani saa tano. Muda wa mwisho Berlin ni saa sita na robo, njia ni tambarare na asubuhi za Septemba kule ni za baridi. Kwa miguu iliyomaliza vilima vya Moshi, muda si adui yako. Uchovu ndio wa kuogopa.

Sasa tuseme siku haikubali kusogea. Ukienda, mtu mwingine atasimama mlangoni pa nyumba ya mama. Je, ni nani? Ukiweza kumtaja mtu huyo bila moyo kukukata, hilo linakuambia kitu. Ukishindwa kumtaja, hilo nalo linakuambia kitu. Sare unaweza kuzimaliza kabla ya kuondoka, mchango wako ukautanguliza, mapokezi ukayapanga mpaka udi na marashi. Lakini hutakuwa kwenye picha, na miaka ishirini baadaye watoto wa mdogo wako watauliza shangazi yao alikuwa wapi. Kuna familia ambazo jibu la swali hilo ni fahari, “Shangazi yenu siku hiyo alikuwa Berlin,” na wote wanacheka kwa furaha. Na kuna familia ambazo swali hilo hunyamazisha meza. Ya kwako itakuwa ipi, kwa sehemu kubwa, itatokana na namna utakavyoondoka zaidi ya kule kuondoka kwenyewe: umeaga, au wamekukosa.

Na ukibaki? Shangazi amesema mbio ziko kila mwaka. Ni kweli nusu. Berlin iko kila mwaka, lakini droo ni bahati, na nafasi za watu wenye kasi zinadai wanawake wa rika lako wakimbie chini ya saa tatu. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie hupotezi kitu. Soma masharti ya usajili wako ujue ni kipi kinaweza kuokolewa na kipi hapana, na ujiruhusu kuhuzunika, hata kama kila mtu anapiga vigelegele. Kinyongo unachokiogopa hakitokani na kubaki. Kinaota pale mtu anapobaki huku anajifanya hakuacha kitu, na watu wake hawajui alichoacha. Mdogo wako akijua kwamba umeitoa Berlin kwa ajili ya mlango ule, utapita pale mlangoni kwa moyo mwingine.

Nakuuliza pia, kwa upole, ni nini hasa unachokifuata Berlin. Kama ni barabara ya mji mkubwa wa kigeni, watu wamejipanga pande zote na hakuna anayekujua kama fundi wala kama dada wa mtu, hilo linapatikana pengine. Nairobi wana mbio zinazopita juu ya Expressway, na huhitaji viza. Afrika Kusini nako Mtanzania anaingia bila viza, na Cape Town wana marathoni yao. Lakini kama ni Berlin kwa sababu ya Nyambui na machozi ya mwalimu wako, basi Nairobi haitaziba pengo hilo, na sitakudanganya. Nyambui alipokimbia pale, mji ulikuwa umekatwa kwa ukuta na mbio zilikuwa za upande wa Magharibi tu. Mwaka 1990, siku tatu kabla ya Ujerumani mbili kuungana, ndipo wakimbiaji walipopita kwa mara ya kwanza chini ya Lango la Brandenburg. Leo kila anayemaliza hupita chini ya lango hilo, mita mia chache kabla ya mstari. Naelewa kabisa kwa nini mtu wa Temeke anautaka mstari ule.

Kilichobaki ni mazungumzo na mdogo wako, na hapo ningekushauri usichelewe. Mkutane wawili tu, bila shangazi, bila kamati, na isiwe kwenye simu. Mpikie. Usianze na tarehe. Anza na kile ulichoniandikia mimi kuhusu kichwa chako kutulia, kwa sababu nadhani hata yeye hajawahi kukisikia. Mwambie ulivyohisi kwenye kikao. Kisha mwulize, bila ya kumtega, kama alikumbuka kwamba siku hizo zimefuatana, na anatamani nini.

Uwe mwangalifu na jibu lake la kwanza. Mtoto uliyemlea kwa cherehani ni vigumu sana akuambie “usiende”. Ataona haya. Anaweza kusema “Dada, nenda,” haraka, akitazama sahani, na wewe ukaondoka na ruhusa ambayo hakuwa na uwezo wa kukunyima. Akijibu haraka hivyo, mshukuru, umwambie hutaki jibu leo. Mpe wiki. Azungumze na mchumba wake. Kisha mwulize tena, na safari hii mwambie wazi kwamba akikujibu “nakuhitaji pale mlangoni” hutamhesabia kuwa ni mtovu wa shukrani. Mwambie hivyo tu kama ni kweli. Kama bado si kweli, subiri hadi iwe kweli, lakini usisubiri kupita mwezi wa sita, maana kuanzia hapo viza, sare na kilomita za mazoezi vyote vitakudai kwa pamoja.

Niandikie mkishakaa, mwanangu. Na msalimie mwalimu wenu.